Mtoto Akiuliza Takataka Zinakwenda Wapi

Sinema za katuni zimekwisha acha kuwa mchezo wa watoto peke yao. Katika mtaa wetu wa Carama, jioni za Jumapili, watoto wa nyumba tatu au nne hukusanyika palipo na televisheni, na wazazi, hata wale waliosema kuwa hawana nafasi, hujikuta wameketi nyuma yao kimya. Majuma haya sinema iliyokuwa ikizunguka kutoka nyumba hadi nyumba ni ile iitwayo WALL-E. Si sinema mpya. Ilitolewa nchini Marekani mwaka 2008 na studio ya Pixar, chini ya uongozi wa Andrew Stanton, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya sinema bora ya katuni. Lakini kitu kizuri hakichakai, na kwetu sisi sinema hii ina faida moja kubwa: karibu nusu saa yake ya mwanzo haina mazungumzo. Mtoto asiyejua Kifaransa wala Kiingereza huielewa sawasawa na yule aliyesoma.

Kwa wale ambao hawajaiona, kisa chenyewe ni hiki. Dunia imejaa takataka mpaka binadamu wameshindwa kuishi humo. Wamepanda chombo kikubwa cha angani na kwenda zao, wakiacha mashine za kusafisha. Miaka mia saba imepita. Mashine zote zimekufa, imebaki moja tu, roboti mdogo mwenye macho ya huzuni, ambaye kila asubuhi hutoka kugandamiza taka na kuzipanga kama matofali, mpaka zikawa minara mirefu kupita majumba. Rafiki yake ni mende. Siku moja anaokota mche mmoja mbichi, anauweka ndani ya kiatu kikuukuu. Mche huo ndio unaokwenda kuwaamsha watu kule angani, ambao kwa kukaa vitini maisha yao yote, wakila na kutazama vioo, wamenenepa na kusahau hata kutembea.

Watoto walicheka. Wazazi, je? Hapo ndipo penye habari. Kwa muda wa majuma kadhaa, kisimani, dukani na kwenye kazi za pamoja za Jumamosi, nimesikia maoni ya akina baba na akina mama juu ya sinema hiyo. Hayakufanana hata kidogo, na yanafaa kupimwa moja baada ya jingine, kwani ndani yake mna suala zima la malezi.

Maoni ya kwanza ni ya akina mama walioguswa. Mama mmoja, mke wa askari polisi, alisema kuwa mtoto wake wa miaka saba alipomaliza kutazama alimwuliza: "Mama, taka zetu zinakwenda wapi?" Akamjibu kuwa zinachukuliwa. "Zinachukuliwa kupelekwa wapi?" Hapo mama akakwama. Ndugu msomaji, swali hilo ni dogo, lakini jibu lake lina uzito. Taka za jiji letu nyingi hupelekwa katika jaa la Buterere, huku huku upande wa kaskazini, si mbali nasi. Zile zisizobebwa hutupwa kwenye mifereji na makorongo. Na mtoto wa Carama hana haja ya kungoja miaka mia saba ili aone mnara wa taka.

Maoni ya pili ni ya akina baba wenye hasira. Mmoja wao, mtu mwenye busara na asemaye kwa kipimo, alinena hivi: "Sinema hii imetengenezwa na watu matajiri. Wao ndio waliochafua, wao ndio wanunuao na kutupa. Mbona wanakuja kumfundisha mtoto wangu, ambaye kiatu chake kimoja huvaliwa na ndugu watatu kwa zamu?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata huko Marekani kwenyewe wapo waliouliza inakuwaje kampuni ya Disney, yenye sinema hiyo, ilaani ununuzi wa ovyo huku ikiuza vitu vya kuchezea vyenye sura ya roboti yule yule. Na mwaka 2012, ilipotoka sinema ya The Lorax, ambayo shujaa wake husema kwa niaba ya miti, sura ya shujaa huyo ilitumika kutangazia motokaa ya Mazda, wazazi wakalalamika.

Hata hivyo hoja ya kweli inaweza kutupeleka kwenye hitimisho lisilo la kweli. Ni kweli kwamba nyumba ya Carama haitupi hata sehemu ndogo ya kile kinachotupwa na nyumba ya Chicago. Lakini mfuko wa plastiki ulioziba mfereji wetu hauulizi ulitupwa na tajiri au maskini. Mvua ikinyesha, maji hupita pale pale. Wakazi wa kaskazini ya Bujumbura hawahitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilipoteremka kutoka vilimani, ikaingia katika mitaa kama Kamenge na Kinama, ikabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 60. Mvua ile ilikuwa ya Mungu, na hakuna mwenye kuizuia. Lakini vilima vilivyovuliwa miti, makorongo yaliyojengewa kando na mifereji iliyojaa uchafu, hayo ni ya mikono ya binadamu. Aliyezaliwa mwaka ule ni mwanafunzi sasa. Ana haki ya kuelezwa.

Maoni ya tatu yalinishangaza, na yanawahusu hasa wasomaji wetu walio katika majeshi. Baba mmoja mwanajeshi hakuipenda sinema hiyo kwa sababu ya nahodha wa chombo. Nahodha yule, anaposikia kuwa mche umepatikana, anataka kurudi duniani. Usukani, ambao ni mashine, unakataa, kwa kuwa ulipewa amri ya siri zamani kwamba chombo kisirudi kamwe. Nahodha anapambana nao mpaka anauzima. "Je," akauliza baba huyo, "tunawafundisha watoto kuvunja amri?"

Swali hili ni la mtu anayeijua kazi yake, nalo lajibiwa kwa heshima. Kwanza, nahodha ndiye mkuu halali wa chombo kile, na usukani ni chombo cha kazi. Aliyekaidi ni usukani. Pili, amri ile ilitolewa na watu waliokwisha kufa karne nyingi, waliodhani kuwa dunia haitapona. Nahodha ana ushahidi mkononi kuwa hali imebadilika: jani bichi. Kila afisa aliyewahi kuongoza watu anafahamu tofauti iliyopo kati ya kutii na kulala. Tatu, na hili ndilo kubwa, nahodha hakukimbia jukumu, alilichukua. Alikuwa mtu wa kubebwa kitini, akasimama kwa miguu yake mwenyewe ili awarudishe watu wake nyumbani. Baba yeyote aliyewahi kulinda amani mbali na familia yake, kama walivyofanya askari wetu nchini Somalia tangu mwishoni mwa mwaka 2007, anaijua thamani ya neno hilo, nyumbani. Sioni kuwa mtoto wake atapotoka kwa kuliona.

Maoni ya nne ni ya wale wanaolalamika kwamba watoto wamekuwa wajuaji. Bibi mmoja mwenye umri alisema mjukuu wake alimkemea mbele ya wageni kwa kutupa maganda ya ndizi mlangoni. "Siku hizi televisheni ndiyo mzazi, na sisi tumekuwa watoto." Hapa, wasomaji wapenzi, yapo mambo mawili, na tusiyachanganye. Mtoto kumkemea mkubwa mbele ya watu ni utovu wa adabu, hata kama neno lake ni la haki. Afundishwe kumwendea bibi kwa upole na kuokota maganda yeye mwenyewe. Lakini mkubwa naye asijifiche nyuma ya mvi zake. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayaishii katika maneno. Mtoto aliyeambiwa shuleni kuwa uchafu ni mbaya, kisha akirudi nyumbani akamwona baba akitupa chupa korongoni, hujifunza jambo moja tu: kwamba maneno ya wakubwa ni ya kusemwa, si ya kutendwa. Somo hilo likishaingia, kulitoa ni kazi ngumu.

Ugomvi wa wazazi juu ya sinema za namna hii si wa leo. Mwaka 1942, ilipotoka sinema ya Bambi, kisa cha mtoto wa paa anayeuawa mama yake na wawindaji, wawindaji wa Marekani walinung'unika kuwa wametukanwa. Miaka mingi imepita, na bado watoto humlilia paa yule. Sinema haimlazimishi mtu, ila huacha swali moyoni mwa mtoto, na mtoto huliuliza kwa yule anayemwamini. Tufurahi kwamba bado anatuuliza sisi.

Tena jibu tunalo, wala si la kuazima. Mwaka ule ule wa 2008 ilipotoka sinema hii, majirani zetu wa Rwanda walipitisha sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ilifuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Sisi Warundi, amri ya serikali ilitiwa sahihi mwezi Agosti 2018, ikatoa muda wa miezi 18 wa kujiandaa, ikaanza kutumika Februari 2020. Mwaka 2018 pia ulianzishwa mpango wa taifa wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, yaani Burundi iliyovikwa nguo. Kwa hiyo mzazi anayesema kuwa mambo ya mazingira ni hadithi za Wazungu amesahau sheria za nchi yake. Polisi anayeyasoma haya anafahamu kwamba sheria haitembei yenyewe. Hutembezwa na watu, na watu hao hulelewa nyumbani.

Aidha tulitazame ziwa letu. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, lina kina cha karibu mita 1,470, na nchi nne zinaligawana: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Uchafu tunaoutupa Carama haubaki Carama. Mvua huuteremsha mpaka ziwani, na ndagala na mukeke tunaonunua kwa faranga zetu hukua katika maji hayo hayo. Mtoto akielezwa njia hiyo, kutoka mlangoni hadi mferejini, kutoka mferejini hadi ziwani, kutoka ziwani hadi sahanini, ataelewa zaidi kuliko kwa hotuba ya saa nzima.

Sasa basi, wazazi tufanye nini? Nikiwa mtu niliyefunzwa kazi ya ualimu, natoa ushauri wa mambo machache yasiyo na gharama.

Kwanza, tuitazame sinema pamoja na watoto. Ina muda usiofika dakika 100. Ikiisha, tusiwape hotuba, bali tuwaulize: Je, kwa nini watu wale walisahau kutembea? Nani aliyeutunza mche? Kwa nini aliuweka kwenye kiatu? Tusikilize majibu yao mpaka mwisho kabla ya kutoa yetu.

Pili, tutenge taka katika vyombo viwili. Maganda, majani na mabaki ya chakula yaingie katika shimo dogo nyuma ya nyumba, yafunikwe udongo, na baada ya miezi michache yatakuwa mbolea ya lengalenga na nyanya. Plastiki, chupa na betri kuukuu zikae peke yake zingoje wachukuzi.

Tatu, tusichome plastiki uani. Moshi wake una sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto walio karibu na moto.

Nne, mama aendapo sokoni achukue kikapu chake. Bibi zetu hawakujua masashe, na vitu vyao vilifika nyumbani salama.

Tano, kila mtoto apewe mche mmoja, hata ukiwa wa mpapai, aumwagilie yeye mwenyewe. Baba aliye kambini au safarini aulizie habari za mche ule kila apigapo simu, kama aulizavyo habari za masomo. Mtoto atajua kuwa jambo hilo ni la maana, kwa sababu baba amelikumbuka akiwa mbali.

Yule mama aliyekwama kwenye swali la mwanawe hakuishia hapo. Jumamosi iliyofuata, baada ya kazi za pamoja, alimshika mkono akamwonyesha mfereji wa mtaa, akamweleza unakotoka na unakokwenda. Mtoto akauliza tena: "Na nani ataufagua?" Mama akamjibu kuwa ni sisi wenye kuishi kandokando yake. Tangu siku hiyo, ndoo ya taka ya nyumba ile ina mwangalizi wa miaka saba, naye ni mkali kuliko askari wa zamu. Nyumba zetu zinahitaji walinzi wengi wa namna hiyo, na wazazi wasioona haya kujibu maswali yao.