Faida ya Msimu: Igawanywe Yote?



Mkutano mkuu umekaribia, na maneno yametufikia kwamba faida ya msimu huu mwema igawanywe yote, isibaki hata senti. Hatuwalaumu wasemao hivyo. Aliyechuma na kuanika ataka kuona jasho lake. Lakini twaomba kwanza zitazamwe kampuni mbili zenye hisa katika biashara nyingi mbalimbali.

Ya kwanza ni Washington H. Soul Pattinson ya Sydney, Australia. Ilianza na maduka ya dawa, kisha ikatia fedha katika makaa ya mawe, matofali, simu na mengineyo. Tangu kuingia soko la hisa mwaka 1903 haijakosa kutoa mgawo hata mwaka mmoja. Vita vikuu viwili vilipita, na dhiki ya miaka ya 1930 ikapita, wenye hisa wakapata chao. Tangu 2000 mgawo wa kawaida umezidi kila mwaka. Hilo haliwezekani ila kwa kutogawa vyote wakati wa neema. Nasi wenye mikarafuu twalijua zaidi kuliko watu wa Sydney: mwaka huu miti huinama kwa mazao, mwaka ujao majamvi yakabaki matupu.

Ya pili ni Berkshire Hathaway ya Marekani. Bwana Warren Buffett aliishika mwaka 1965, ikiwa yafuma nguo. Chini yake ilitoa mgawo mara moja tu, senti 10 kwa hisa, mwaka 1967. Mwenyewe alifanya mzaha kwamba siku ile huenda alikuwa msalani. Fedha zilizozuiliwa zilinunua bima, peremende, hata reli, na wenye hisa wakatajirika.

Basi wako watuambiao: tuzuie yote kama Buffett. Hapo hatukubali. Mwenye hisa za Berkshire akitaka fedha, huziuza sokoni siku hiyo hiyo. Mwanachama wetu atamwuzia nani? Kwake mgawo ndio mlango wa pekee. Tena kamati izuiayo fedha sharti ioneshe vitabu, na mwaka uliopita sisi tulichelewa kusoma hesabu. Twaliungama hilo.

Shauri letu ni mgawo mdogo wa kila mwaka, uwe msimu mwema au mbaya, na kinachobaki kiwekwe benki kwa jina la chama. Mwenye shauri jingine na aje nalo mkutanoni. Vitabu vitakuwa mezani.