Kifua cha Mama Mdogo

Wiki hii utani nimeupunguza, maana nimeshinda hospitalini.

Mama mdogo anauza chapati na maandazi hapa Kariakoo miaka ishirini sasa, jiko la mkaa liko mbele yake. Kikohozi chake tulikizoea kama honi za daladala. Mwaka huu pumzi nayo ikaanza kugoma: akipanda ngazi tatu tu, anatafuta pa kukaa.

Duka la dawa wakampa dawa ya maji. Jirani akatupeleka kwa mganga, naye akasema ni kijicho cha wauza chapati wenzake, tulete kuku. Kuku tulimla wenyewe.

Daktari wa zahanati akafanya la maana. Kikohozi kikifika wiki mbili, akasema, lazima makohozi yapimwe. Kifua kikuu hakuna. Basi itakuwa pumu, akampa pampu ya bluu. Akivuta anapata nafuu, baada ya saa chache yale yale.

Ndipo tukafika kwa bingwa wa kifua. Bwana wee, huyu hakukimbilia kalamu. Aliuliza kwanza, "Mama, unapikia nini?" Kisha akampulizisha kwenye mashine, akamvutisha dawa, robo saa baadaye akapuliza tena. Mwenye pumu njia za hewa mara nyingi hufunguka vizuri. Za mama mdogo zilifunguka kiduchu. Moshi wa miaka yote umeziharibu, na hazitarudi kama zamani. Akaongezewa pampu ya kuvuta kila siku, hata akijisikia mzima. Lakini dawa kubwa, akaambiwa, ni kuachana na moshi.

Hapo ndipo kazi ilipo. Jiko lile ndilo lililonisomesha. Kweli, Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ila mkaa unanunua wa kopo moja. Gesi ukiifuata, mara nyingi unalipia mtungi mzima.

"Na nyumbani nani anavuta sigara?" daktari akauliza tena. Mama mdogo akanigeukia. Mimi nikaangalia feni.

Sigara nilikuwa nanunua moja moja. Tangu siku ile hela yake inaingia kwenye kibubu cha mtungi wa gesi. Tukutane wiki ijayo, kama sitakuwa nimekivunja.