Kasa ni Amana, na Vijana Wasisubiri Posho

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ali zake na sahaba zake. Ama baad.



Siku moja baada ya somo la fiqhi, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Akaniuliza, "Maalim, nyama ya kasa ni halali?" Nikaanza kumweleza khitilafu za wanavyuoni. Akanikatiza kwa adabu: "Samahani Maalim. Mimi nauliza hivi, mzee akija nayo nyumbani, nifanyeje?" Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia anipe muda. Makala haya ndiyo jibu langu. Nimeyaweka katika jarida letu kwa sababu naamini wenye swali hilo ni wengi.

YALIYOTUFIKA

Swali la kijana yule lina sababu yake. Mwezi wa Novemba 2021, hapa Pemba, watu 7 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki kwa sababu hiyo hiyo, na watu 78 wakapelekwa hospitali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu na awape subira wafiwa.

Siandiki haya kumlaumu mtu. Hakuna mzazi anayemtilia mwanawe sumu kwenye sahani huku akijua. Tangu zama za wazee wetu nyama ya kasa ni kitoweo cha heshima, na watu wengi wamekula wasidhurike. Hapo ndipo penye mtihani. Kasa mwenye sumu hana alama. Huwezi kumjua kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha, na kupika hakuiondoi sumu hiyo hata nyama ikichemshwa kutwa nzima. Wataalamu wanadhani inatokana na vitu anavyokula baharini. Dawa maalumu ya kuiondoa mwilini haijapatikana. Wanaokufa zaidi ni watoto, na hata mtoto anyonyaye anaweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula.

Ama kuhusu uhalali wake, wanavyuoni wamekhitalifiana, na hata ndani ya madhehebu yetu ya Shafii yamo maneno zaidi ya moja. Sitaki kuifungua khitilafu hiyo hapa. Nasema tu kwamba hata anayeshika kauli ya uhalali hawezi kuruka jambo jengine ambalo halina khitilafu: Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Baqara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizo. Chakula ambacho mlaji hajui kama kitamwamsha kesho au hakitamwamsha, nani atasimama mbele ya Mola wake akitetee? Juu ya hayo, Serikali nayo imekwisha kataza kuvua kasa.

UMMA MFANO WETU

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni haki ya kasa mwenyewe. Katika Suratul-An'am, aya ya 38, tunafundishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Basi tumtazame kasa kama umma.

Katika fukwe zetu wanaotaga zaidi ni aina mbili: kasa wa kawaida, ambaye hula majani ya bahari, na ng'amba, ambaye watu walimmaliza kwa kutaka gamba lake. Kasa jike hukawia sana kukomaa, mara nyingi miaka 20 na zaidi. Akishakomaa hurudi kutaga katika pwani za kule alikozaliwa. Hupanda ufukweni usiku, akachimba shimo, akataga mayai kiasi cha 100 au zaidi, akayafukia, akarudi baharini. Baada ya siku 55 hadi 60 hivi vitoto hutoka na kukimbilia majini, na katika vingi hivyo ni vichache mno vinavyofika utu uzima. Kwa hiyo anayemchinja kasa mmoja anayetaga ameondoa kazi ya miaka ishirini kwa kitoweo cha siku moja. Anayechimba kiota ameondoa kizazi.

Wanafunzi wa darasa la hadithi watakumbuka kisa alichokipokea Ibn Mas'ud (R.A.) kilichomo katika Sunan ya Abu Daud. Sahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipiga mbawa kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warudishwe. Kama ndege yule alirudishiwa makinda yake, mama kasa naye hana haki ya kuachiwa mayai yake?

POSHO NA UFADHILI

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mara nyingi nikizungumza na vijana kuhusu kulinda ufuo, swali la kwanza huwa, "Kuna mradi?" Maana yake, kuna posho? Kuna fulana? Siwalaumu, kwani wameyaona kwetu sisi wakubwa. Mradi ukija tunajaa kwenye semina, na ukiondoka daftari la kumbukumbu hubaki kwenye kabati likiliwa na mende. Kasa hajui kama mradi umekwisha. Yeye msimu ukifika hupanda kutaga.

Rai yangu ni kwamba kazi hii iongozwe na vijana wa mtaa wenyewe, kwa kujitolea, kama ibada. Posho ikija, alhamdulillahi. Isipokuja, ujira upo kwa Mola. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira, na ametuhadithia mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Mfano tunao karibu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri (A.S.) alifika pale akataka msala wa kusalia. Ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ni mithali ya msala, nacho kikaitwa Misali. Mwaka 1998 kisiwa hicho kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sheria ilikuwepo, lakini wavuvi wa baruti na wa nyavu haramu hawakuacha kwa sababu ya karatasi. Kuanzia mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya mazingira iitwayo IFEES, iliyoasisiwa Uingereza na Fazlun Khalid, ilishirikiana na watu wa hapa kuwafundisha masheikh, walimu wa madrasa na wavuvi mambo ya bahari kwa dalili za Qur'ani na Sunna. Wako wavuvi ambao askari wa doria hawakuweza kuwabadilisha, na aya ikawabadilisha. Nalitaja hili ili tujue kwamba silaha yenyewe imo mikononi mwetu, ndani ya madrasa hii, na haihitaji kuombewa ufadhili.

Kule Mafia, tangu mwaka 2001, wanavijiji wamekuwa wakitembea ufukweni kutafuta viota, kuvilinda na kuandika idadi yake, wakishirikiana na taasisi inayojulikana leo kwa jina la Sea Sense. Kazi za namna hii zimefanywa katika nchi nyingi, na matunda yake yameonekana. Mwezi wa Oktoba 2025 shirika la IUCN lilitangaza kwamba kasa wa kawaida ameondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini, kwani idadi yake duniani imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Habari hiyo isitulevye. Hesabu ni ya dunia nzima, na pwani moja inaweza kuishiwa wakati nyengine inaongezeka. Ng'amba bado yumo katika kundi la walio hatarini kabisa. Lakini tumeona kuwa viota vikilindwa kwa miaka mingi, kasa hurudi.

NENO KWA WAZEE WETU

Najua yatakayosemwa barazani. "Hawa watoto wa juzi watatufundisha bahari?" Wazee wangu, shikamooni. Bahari mnaijua ninyi, hilo halina ubishi. Lakini tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd (R.A.) uamiri wa jeshi akiwa kijana wa miaka kama 18, na ndani ya jeshi lile walikuwemo sahaba wakubwa. Watu walipoguna, Mtume (S.A.W.) alimtetea. Baadaye Khalifa Abubakar (R.A.) alimsindikiza kwa miguu huku Usama yuko juu ya mnyama, na alipotaka Umar (R.A.) abaki naye Madina alimwomba Usama ruhusa. Khalifa anamwomba ruhusa kijana! Kama tunataka vijana waongoze, tuwape kazi yenyewe. Tusiwape jina la uongozi huku daftari, ufunguo na neno la mwisho tumevishika sisi.

Tuwe wakweli pia kuhusu njaa. Samaki wamepungua, na mvuvi aliyekesha akapata kasa tu ndani ya wavu ana watoto wanaomsubiri. Kumwambia "muachie" peke yake ni rahisi kwa aliyekwisha kula. Kule Watamu, Kenya, mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya akamsalimisha hai hupewa kifuta jasho. Sisi hatuna fedha nyingi, lakini tunao mfuko wa sadaka wa kila wiki. Napendekeza kamati ya madrasa itenge sehemu ndogo ya kununulia uzi wa kushonea nyavu za wavuvi wanaoachia kasa, na vijana wetu wasaidie kuzishona.

KAZI YENYEWE

Kwa vijana, kuanzia msimu wa masika ujao, napendekeza haya:

1. Baada ya sala ya Alfajiri, vijana wawili wawili pamoja na mtu mzima mmoja watembee ufukweni kutazama nyayo. Nyayo za kasa hufanana na njia ya gurudumu la trekta kwenye mchanga. Mtu asiende peke yake, na asiende usiku bila ya ruhusa ya wazazi.

2. Pawepo daftari moja la kuandika tarehe, pahala na hali ya kiota. Zihesabiwe siku 55, kisha kiota kitazamwe kila asubuhi. Mayai yasichimbwe wala kuhamishwa na asiyefunzwa kazi hiyo.

3. Taka za plastiki ziokotwe ufukweni, kwani kasa huudhania mfuko wa plastiki ni yavuyavu akaumeza. Taa zinazoelekea baharini zizimwe vitoto vinapotoka, kwa sababu hufuata mwanga vikapotea njia.

4. Wasichana wasiachwe nyuma. Wengi wao hufuatana na mama zao kwenye mwani na kuokota chaza, na huuona ufuo kuliko sisi wanaume. Daftari nashauri washike wao.

5. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kijana mmoja asimame baada ya sala awaeleze waumini kwa dakika 5 kilichoonekana.

JIBU LANGU

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Umeniuliza ufanyeje mzee akija na nyama ya kasa nyumbani.

Kwanza, usipige kelele mbele ya wadogo zako wala mbele ya wageni. Muige Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye katika Suratu Maryam alisema na baba yake kwa upole, akimwita kwa jina la mapenzi kila mara, ingawa kosa la baba yake lilikuwa kubwa kuliko kosa lolote. Msubiri mzee apumzike, kisha kaa chini mbele yake umwambie, "Baba, nakuomba tusile. Nawakumbuka watoto wa Panza." Akikukubalia, kaifukieni mbali, paka na kuku wasiifikie.

Akikukatalia, wewe usile, na mwambie mama yako wadogo zako wasipewe, kwani hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini adabu ibaki pale pale. Suratu Luqman, aya ya 15, imetufundisha kwamba hata mzazi anayekusukuma kwenye kosa kubwa kabisa usimtii katika hilo, na bado ukae naye kwa wema duniani. Halafu njoo kwangu, hata kama ni usiku. Nitafuatana nawe hadi nyumbani, na nitakaa na mzee wako mimi mwenyewe. Nilipokufundisha aya hizi nilijitwika dhamana, na si haki nikuachie uzito wote ubebe peke yako.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu walio ndani ya chombo kimoja, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu wapate maji. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Sisi ni watu wa vyombo, mfano huu hatuhitaji kufasiriwa. Kijana anayeuona mkono unaotoboa asinyamaze kwa sababu mkono huo ni wa mkubwa. Aushike kwa upole, lakini aushike.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, azibariki bahari zetu na azitakabali juhudi zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.