KARATASI ZINAZOUZA NYUMBA DODOMA



Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, si haba watu wetu wa visiwani waliopanda bara, wakapata viwanja, wakajenga, na hati wakaziweka rehani ili wapate mtaji. Hao hatuwalaumu. Twamlaumu mkopeshaji ampaye mdaiwa karatasi asiyoifahamu, kisha akamletea dalali.

Wafahamu kuwa ardhi si jambo la Muungano. Kule yatawala Sheria ya Ardhi ya 1999, nayo yamruhusu mkopeshaji kuuza bila ya kupita mahakamani. Basi karatasi ndiyo hakimu!

Sheria yataka ilani ya maandishi, itaje kosa na deni, na impe mdaiwa siku 60 tangu kuipokea. Si tangu kupigwa mhuri. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, rehani haisimami bila ya ridhaa ya mke au mume. Ridhaa gani hiyo ya mke aliyeoneshwa pa kutia saini tu? Kisha mnada utangazwe siku 14, mjini na mahali penyewe, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na hata kwa kupigiwa ngoma. Naam, ngoma! Sheria hiyo ya madalali ni ya zama za Mwingereza. Mtawala wa kigeni alimkumbuka asiyejua kusoma. Mkopeshaji wa leo aandika Kiingereza kitupu.

Watatwambia: deni ni deni. Hatubishi, na lilipwe. Lakini aya ya deni katika Suratul Baqara yamwamuru mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye wa kumsomea maneno. Leo mdaiwa hata kusomewa hasomewi.

Na khatari kubwa i hapa: nyundo ikishagonga, mnunuzi hulindwa na sheria, na aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia. Nyumba ya milioni 80 ikiuzwa milioni 60 au chini yake, sheria yamdhania muuzaji kuwa amevunja wajibu wake. Lakini kesi hiyo huendeshwa mtu keshalala nje.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Wabunge wa visiwani wanaokaa Dodoma wadai hati za rehani na ilani zake nazo ziandikwe kwa Kiswahili. Na mwenye ilani mkononi aandike juu yake tarehe aliyoipokea, aende kwa wakili kabla ya siku 60 kwisha.