Simiti haishiki moto, lakini inaharibika

Wasee, hizi ploti zinazoungua halafu zinapangishwa tena baada ya wiki tatu, nani huzikagua?

Mtindo ni ule ule. Moto unazimwa, watu wanashusha simu, landilodi analeta fundi na debe la rangi ya krimu. Keateka anabandika "vyumba vipo" na sisi tunapanda na magodoro. Ukiuliza, unaambiwa, "Hii ni simiti bana, simiti haishiki moto."

Kweli, haishiki. Lakini inapikwa.

Ndani ya simiti kuna maji. Joto likizidi, yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unairarua simiti vipande. Ikifika kama nyuzi 300 za Selsiasi, mara nyingi inageuka pinki, kulingana na kokoto zilizotumika. Hiyo pinki ndiyo ushahidi, na ndiyo kitu cha kwanza kupakwa rangi! Kwenye nyuzi 600, nguvu kama nusu imeenda. Vyuma navyo hulegea kwa joto hilo; vikipoa vinaweza kurudisha sehemu kubwa ya nguvu yake. Simiti hairudishi.

Novemba 1996 lori zilishika moto juu ya treni ndani ya Channel Tunnel, kati ya Uingereza na Ufaransa. Ukuta wa simiti wa sentimita 45 ulimeguka mpaka sehemu zingine zikabaki sentimita chache tu. Hiyo ilikuwa simiti ya nguvu sana, iliyopimwa. Yetu ilichanganywa kwa koleo kando ya barabara, maji kwa macho, na kuna slabu zingine hata chuma kinakuchungulia.

Najua kuna atakayesema si kila moto unaangusha nyumba. Sawa. Joto huingia kwenye simiti polepole, na moto mfupi unaweza kuchoma ngozi ya juu pekee. Lakini hiyo inajulikana kwa kupima: kugonga na nyundo usikie kama kuna uwazi, kutoboa na kutoa kipande kipelekwe maabara. Haijulikani kwa brashi. Na landilodi asituambie injinia ni ghali wakati kodi imepanda juu ya "ukarabati".

So kabla ulipe dipositi, angalia dari. Ukiona plasta mpya upande mmoja tu, itisha ripoti ya injinia aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya. Akianza kukufokea, beba godoro lako uende.