Akiba hii huoza

Akiba haiozi, walinena wahenga, na hatujasikia aliyethubutu kuwapinga. Lakini wahenga hao hawakuwa na magari. Laiti wangaliyaona magurudumu ya akiba yanayoning'inia chini ya magari yetu hapa Kizingo, yaliyogandwa na tope la masika na kutu ya miaka kadhaa, nadhani wangaliuongezea usemi huo maneno mawili matatu.

Nimesukumwa kuandika haya na magari ya aina moja hasa: magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, ambayo wageni huyaleta kwa barabara au kuyashusha katika bandari ya Kilindini, na ambayo siku hizi Wakenya wenzetu nao wanajiundia kwa kuyageuza magari kama vile Toyota HiAce. Atakaye kuyatazama hahitaji kwenda mbali. Na asimame tu kando ya njia ya kivuko cha Likoni, wapitapo kisiwani kuelekea Tiwi na Diani. Ataona gurudumu la tano limefungwa juu ya boneti, jingine mgongoni mwa gari, jingine limepandishwa darini kama mzigo wa mkaa. Na mara nyingi hataliona popote.

Hilo la mwisho ndilo linitialo wasiwasi mkubwa. Magari-nyumba mengi ya Ulaya huuzwa bila gurudumu la akiba kabisa, ili kupunguza uzito na kupata nafasi. Badala yake mnunuzi hupewa chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Ndivyo yalivyo pia magari mengi madogo yaliyotumika yatufikiayo kutoka Japani. Gundi hiyo hufaa kuziba tundu dogo la msumari. Tairi likipasuka ubavuni kwa jiwe au kwa ukingo mkali wa lami, chupa kumi hazitafua dafu. Isitoshe, gundi yenyewe ina tarehe ya kuharibika, na ni wachache mno walioisoma.

Ni ajabu kwamba tunarudishwa tulikotoka. Magari ya kwanza hayakuwa na gurudumu la akiba. Dereva alikaa kando ya njia akalivua tairi na kulitia kiraka papo hapo. Mwaka wa 1904 ndugu wawili wa ukoo wa Davies, katika mji wa Llanelli huko Wales, walianza kuuza rimu yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ya kubanwa juu ya gurudumu lililoharibika. Duka lao lilikuwa katika mtaa wa Stepney, na hadi leo Wahindi wengi huliita gurudumu la akiba kwa jina hilo la mtaa. Jambo lililotambuliwa na watu wa enzi ya farasi halifai kusahauliwa na sisi.

Basi likiwapo, liwekwe wapi? Hapa ndipo penye hesabu. Gurudumu la gari-nyumba la tani tatu na nusu huwa na uzito wa takriban kilo 30. Tuseme gari lina mita 4 kati ya ekseli mbili, nawe ukalitundika gurudumu hilo mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haitaongezewa kilo 30, bali 45, kwa kuwa mkia hufanya kazi kama mtaimbo. Na kilo 15 zitaondolewa mbele. Magari mengi ya aina hii, kama vile Fiat Ducato, huvutwa na magurudumu ya mbele, yaani yale yale yaliyopunguziwa uzito unaoyasaidia kushika ardhi. Mchangani au kwenye lami yenye maji, dereva ataijua hesabu hiyo pasipo kalamu. Darini nako ni kubaya zaidi: gari huwa zito kichwani, na sijui ni mzee gani wa miaka 60 atakayeteremka ngazi na kilo 30 mikononi.

Mimi naona mahali pafaapo ni chini ya sakafu, karibu na katikati ya ekseli mbili, au katika sanduku la pembeni lifunguliwalo kwa nje. Mlango wa nyuma uachiwe magari yaliyoundwa kwa ajili hiyo, na hata hayo yasifichwe nambari wala taa. Chini ya mkia, ambako gurudumu la HiAce hukaa, panavumilika. Ila mwenye gari refu ajihadhari anapoingia feri wakati wa maji kupwa, kwani mteremko huwa mkali na mkia hukwaruza.

Lakini chini ya gari ndiko kwenye adui wetu wa Pwani: chumvi. Pepo za kusi zinapovuma, ukungu wa bahari hupanda kutoka Mama Ngina ukaingia mitaani mwetu, na gari linaloegeshwa huko kila jioni huoga chumvi bila mwenyewe kujua. Juu tunaosha, tunang'arisha hata vioo. Chini hatuangalii. Ile nyororo au waya wa kuteremshia gurudumu hushikwa na kutu pole pole hadi usigeuke tena, na anayeugundua ubovu huo huugundua siku ya pancha, usiku, akiwa amelala chali juu ya lami. Dawa yake ni ndogo: kuliteremsha gurudumu kila baada ya miezi mitatu, kuosha kwa maji baridi, kupaka grisi na kulijaza upepo kufikia kiwango cha juu kabisa kinachohitajiwa na gari likiwa limepakiwa. Likiwa nje juani, livishwe kifuniko, maana jua hupasua mpira.

Na mpira huzeeka hata usipotumika. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Viwanda vikubwa hushauri kwamba tairi lisizidi miaka 10 tangu kuundwa, hata lile la akiba ambalo halijagusa barabara. Fauka ya hayo, mwenye rimu za aloi na akiba ya chuma achunguze nati zake, kwani mara nyingine za huku hazifai kule.

Wapo watakaosema kwamba simu zimejaa na fundi huitwa. Naam, Nyali ataitwa. Barabara ya Nairobi ina urefu wa karibu kilomita 480, na sehemu yake kubwa hukata katikati ya Tsavo, wanamotembea ndovu na simba. Familia iliyokwama huko na malori yakipita kwa kasi haifai kutoa magodoro yote nje ili kulifikia gurudumu. Kumbuka pia kwamba mlango wa sebule wa magari mengi ya bara Ulaya uko kulia, yaani kwetu hufungukia katikati ya njia. Watoto watokapo, wanatokea mbele ya lori.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Wauzaji wa magari hapa Mombasa waandike waziwazi katika stakabadhi iwapo gari lina gurudumu la tano au chupa ya gundi, kabla mnunuzi hajatoa pesa. Na wakaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) wanapoletewa gari lenye gurudumu chini ya sakafu, wasitosheke kuinama na kuliona. Wamwambie dereva aliteremshe pale pale, kwa jeki na spana alizo nazo mwenyewe.