Wito wa Mama Kiotani



Mwezi uliopita tulitembea na mjukuu wetu kando ya Ropes Creek. Kichakani tuliona ndege wadogo kuliko shomoro, mikia imesimama wima. Dume ana buluu ya kung'aa, jike ni wa kahawia. Waaustralia humwita fairy-wren. Si mfumaji kama mnana wa kwetu, lakini jike hujenga kiota cha nyasi chenye paa na mlango wa ubavuni, akakishikiza kwa utando wa buibui.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, walieleza jambo la ajabu. Mama huyu huyaimbia mayai yake wito maalumu siku kadhaa kabla hayajaanguliwa, na makinda huomba chakula kwa wito huo huo. Kekeo hutaga katika viota vya wenziwe, na kinda lake huwasukuma nje wenye nyumba. Wito huwasaidia wazazi kumtambua asiye wao. Watafiti walipohamisha mayai kutoka kiota hadi kiota, makinda walilia kwa wito wa mama aliyewaatamia, si wa aliyewataga. Basi wito hauji kwa damu, hufunzwa.

Hapo tukajiona. Mtoto azaliwapo humwadhinia sikioni, kwani tunajua kuwa sikio ni mlango. Baada ya hapo je? Sisi tuliofundisha Kiswahili watoto wa watu miaka mingi, tulipofika Mount Druitt tulisema na wanetu Kiingereza, tukihofu wasije wakachelewa shuleni. Nao wamesema hicho hicho na wana wao. Juzi mama yetu mzazi alipiga simu kutoka Tanga. Mjukuu alisema "Shikamoo", kisha akanyamaza, kwa maana neno la pili hakuwa nalo. Bi mkubwa naye akanyamaza.

Kosa si la mtoto, ni letu. Kiingereza atakipata shuleni na barabarani. Kiswahili hana pa kukipata ila nyumbani. Tangu siku ile, tukiketi kula tunasema Kiswahili kitupu, hata kikienda kwa kuchechemea. Jana alituita: "Babu, naomba maji." Tuliinuka upesi kuliko umri wetu unavyoruhusu.

Tuonane mwezi ujao, inshaallah.